Usiposema bei kwenye video yako, tapeli atakusemea

Wiki ya kufungua shule mwezi wa Januari, mwenzetu mmoja hapa ofisini alikuwa anatafuta sweta tatu za shule za watoto wa dada yake. Ukiishi Nyeri unajua sweta si pambo. Akapata video kwenye Facebook, na ilikuwa video nzuri kweli: mashine ya kufuma inaenda, sweta za maroon zimepangwa kama matofali, wimbo wa mugithi nyuma, maandishi yanarukaruka. Lakini haikutaja bei, wala haikusema duka liko wapi. Mwisho kabisa yakatokea maneno mawili, "Bei inboksi", basi.

Akauliza bei kwenye komenti, kama watu wengine karibu ishirini waliomtangulia. Baada ya dakika chache akajibiwa na akaunti yenye jina la duka na picha ileile ya duka: sweta moja ni 850, tuma kwa nambari hii, mzigo unaletwa kesho na matatu. Akatuma 2,550. Kesho ikafika, kesho kutwa ikafika, mzigo haukufika. Kumbe ile akaunti haikuwa ya duka, na nambari pia haikuwa ya duka. Mwenye video, mama mwenye kibanda cha kweli Karatina na mashine ya kweli ya kufuma, alikuwa amezidiwa na kazi za msimu na hakufungua Facebook hadi usiku.

Ndiyo, mwenzetu anafanya kazi kwenye kampuni ya malipo ya simu. Tulimcheka kidogo, tukamwonea huruma, halafu tukaanza kubishana: kosa ni la nani?

Kosa ni la tapeli, hapo hakuna mjadala. Lakini tuliporudi kuitazama ile video tuliona kwamba ilimwachia nafasi. Watu ishirini waliuliza jambo moja, na jibu halikuwemo. Ukiacha swali la pesa likining'inia mbele ya umati, atatokea mtu wa kulijibu, na si lazima awe wewe. Kwa hivyo maoni yetu ni haya, na tunajua wauzaji wengi wa huku mlimani hawatayapenda: video ya biashara isiyotaja bei, mahali ulipo na jina la anayelipwa haijaisha kutengenezwa. Heri uiache kwenye simu yako kwanza.

Majibu yenu tumeyasikia mara nyingi. La kwanza huwa ni, "Mshindani wangu ataona bei." Ashaiona. Pale soko la Karatina mwenye kibanda cha kushoto anasikia kila bei unayotaja, na wewe unaisikia yake, na bado nyote mnauza. Akitaka kujua bei yako atamtuma mtoto aje aulize. Anayefichwa bei ni mteja peke yake, yule aliye Nanyuki au Embu au Nairobi, mwenye pesa tayari kwenye simu na asiye na subira ya kungoja ujibu.

La pili: "Bei hubadilika." Hilo ni kweli, hasa kwa mazao. Gunia la viazi kutoka Kieni haliwezi kuwa na bei moja mwaka mzima, wala kabeji, wala vitunguu. Lakini dawa yake si kunyamaza. Taja tarehe kwa mdomo wako: leo ni Jumatatu, tarehe fulani, bei ni hii, na ni ya wiki hii. Wiki ikiisha, futa ile video na urekodi nyingine. Itakuchukua dakika mbili, muda uleule unaotumia kumjibu mtu mmoja inboksi.

La tatu ni la kupatana. "Mteja lazima tuongee." Ongeeni, hakuna aliyewakataza. Sema bei unayoanzia, useme ni ya mazungumzo. Watu wa huku wanajua kupatana tangu wakiwa wadogo, hawatakosa la kusema.

Kuna kundi moja tu tunaloliheshimu kwenye ubishi huu, nalo ni la mafundi: seremala wa Othaya, mshonaji wa magauni ya harusi, mpishi wa sherehe. Kazi yao haina bei moja. Hata hao tunawaambia waonyeshe kazi moja iliyokwisha na waseme ililipiwa ngapi. "Kabati hili, mbao za mkipresi, milango mitatu, lilikuwa shilingi 18,000." Mtazamaji atajipimia mwenyewe kama anaweza au hawezi, na wale wasioweza hawatakusumbua saa nne usiku.

Sasa tuje kwenye video yenyewe. Tumeona watu wakilipa pesa nyingi kwa kijana mwenye kamera kubwa ili apate video ya dakika nne yenye ndege ya kamera ikipita juu ya shamba la chai. Ni tamu kwa macho. Lakini haiuzi majani ya chai. Anayetazama simu kwenye matatu ya kutoka Nyeri kwenda Nairobi hana dakika nne za kukupa, na bando lake analihesabu. Simu uliyo nayo mfukoni inatosha, na kama ni ya bei ya chini pia inatosha, mradi ufanye mambo machache.

Pangusa kioo cha kamera. Tunaanza na hili kwa sababu simu inayokaa kwenye mfuko wa aproni ya muuza chapati ina mafuta kwenye kioo, na ndiyo maana video inaonekana kama imepigwa ndani ya ukungu. Na ukungu wenyewe mnao wa kutosha. Mwezi wa Julai, Nyeri hukaa siku nyingi bila kuliona jua, na ndani ya duka lenye taa moja kila kitu huonekana kijivu. Beba bidhaa hadi mlangoni. Simama uso ukielekea nje, mgongo ukiwa ndani ya duka, ili mwanga ukupige usoni na kwenye bidhaa. Wengi hufanya kinyume: wanasimama mlango ukiwa nyuma yao, na mteja anaona kivuli cheusi kinachoongea.

Sauti ni muhimu kuliko picha. Mteja huvumilia picha mbaya kidogo, lakini asiposikia bei anapita. Adui yako wa kwanza ni mabati. Mvua ikianza kunyesha usirekodi ndani, hutasikika hata ukipiga kelele. Wa pili ni makanga wa stendi. Wa tatu, kama uko Nanyuki au Naro Moru, ni upepo. Zile nyaya za kusikilizia muziki zina maiki ndogo karibu na mdomo. Zichomeke kwenye simu na uongee kupitia hapo. Nyingi huuzwa kwa bei ya soda chache, na zitakufaa kuliko taa ya duara ambayo kila mtu anakwambia ununue.

Halafu ukubwa. Dakika moja iliyopigwa kwa kiwango cha 1080p inaweza kuzidi MB 100 kwenye simu yako. Ingia kwenye mipangilio ya kamera uchague 720p. Kwenye skrini ya simu hakuna atakayeona tofauti, na wewe utaiweka kwa haraka hata mtandao ukiwa mbovu. Shika simu wima. Usivute picha karibu kwa vidole. Sogea wewe mwenyewe karibu na bidhaa.

Na unasema nini? Sentensi ya kwanza iwe na bidhaa na bei. Usianze na "Hamjambo wapenzi watazamaji, karibuni tena kwenye chaneli yetu." Huyo mtazamaji hajawahi kukuona, na karibu nyingi zinamchosha. Kwa yule mama wa sweta, tungependa asikike hivi: "Hii ni sweta ya shule, maroon, saizi 28 hadi 36, shilingi 850. Nafuma mwenyewe hapa Karatina, ndani ya soko. Kama uko mbali naituma kwa matatu, nauli ni yako. Unalipa kwa till yangu pekee, nambari ni hii." Hapo anashika kibao cha till mbele ya kamera, anakituliza kwa sekunde tano nzima bila kutikisika, na anasoma tarakimu moja moja, polepole, mara mbili. Mteja akitaka kusimamisha video aandike, anapata nafasi. Kisha anasema jina litakalotokea kwenye simu ya mteja akilipa. Sekunde arobaini, mambo yamekwisha.

Muziki? Wacha. Nyimbo za watu zina wenyewe, na mitandao huzima sauti ya video yenye wimbo usio na ruhusa. Bei yako inapotea pamoja nayo. Isitoshe, mlio wa mashine ya kufuma ni tangazo tosha. Unamwambia mteja kwamba kitu kinatengenezwa hapo hapo. Mafuta ya chapati yakichemka ni hivyo hivyo.

Jambo moja zaidi kuhusu picha, kisha tuingie kwenye pesa. Zile programu za kung'arisha rangi zitupilie mbali. Maroon ikigeuka nyekundu kwenye video, mzazi atanunua, mwalimu wa zamu atamrudisha mtoto nyumbani, na sweta itarudi kwako pamoja na matusi. Wauzaji wa mchele wa Mwea tunawaomba wasikie hili zaidi ya wote. Kila mnunuzi amewahi kusikia kwamba kuna pishori inayochanganywa na mchele mwingine kabla ya kufungwa, kwa hivyo anakuja kwako akiwa na shaka. Video iliyong'arishwa hadi mchele unametameta inamzidishia shaka. Mwonyeshe gunia likifunguliwa kwenye mashine ya kukoboa pale Wang'uru, mwonyeshe mizani ikisoma kilo tano kamili, mwonyeshe mchele kwenye kiganja chako, na punje zilizovunjika zionekane pia. Mwenye kuonyesha punje zilizovunjika anaaminika kuliko mwenye kuzificha.

Sasa lile la jina, ambalo ndilo linalotuhusu sisi zaidi, na ndipo tunapoona watu wakiumia.

Mteja akilipa kwa till, jina lililosajiliwa humtokea. Kwenye programu ya simu analiona kabla ya kuthibitisha, na kwenye meseji ya risiti analiona tena. Hii ni silaha kubwa sana dhidi ya matapeli, na wafanyabiashara wengi wameitupa. Vipi? Duka linaitwa hivi kwenye Facebook, kibao cha mlangoni kinasema vingine, na till ilisajiliwa miaka sita iliyopita kwa jina la biashara ya kinyozi ya shemeji. Mteja mwangalifu akiona jina geni anasitisha malipo, na ana haki. Mteja asiye mwangalifu amezoea kuona majina mageni, kwa hivyo hata tapeli akimpa nambari ya jina lolote lile, analipa tu. Mmewafundisha wateja wenu kutoangalia jina. Tunasema hivi kwa upole, lakini tunamaanisha.

Kama unaweza kubadilisha jina la till lifanane na jina la duka, fanya hivyo. Uliza kwa mtoa huduma wako ni stakabadhi gani zinahitajika. Kama huwezi kwa sasa, basi litaje kwenye kila video bila aibu: "Likitokea jina tofauti na hili, usilipe, nipigie." Sentensi hiyo moja ingemwokolea mwenzetu 2,550.

Je, nambari ya simu ya kawaida haitoshi? Inatosha kwa mtu anayekujua. Kwa video inayotazamwa na watu usiowajua, sisi tunasema hapana. Ukiweka laini yako ya binafsi, umeiweka mikononi mwa kila mtu, pamoja na wale wanaopiga wakijifanya wahudumu wetu ili uwape PIN. (Hatukupigii kukuuliza PIN. Hatujawahi, hatutawahi.) Pesa za karo, za chama na za biashara zinachanganyika hadi hujui kama umepata faida. Na kuna mteja mjanja anayepokea mzigo, kisha anaomba pesa zirudishwe kana kwamba alikosea nambari. Wale wa biashara ndogo ndogo, wa mayai ya kuchemsha na mitumba ya kutandaza chini, wana Pochi la Biashara, linalotenga pesa za biashara na zako binafsi ndani ya laini moja. Lakini ukishaanza kuuza kwa video hadi Meru na Murang'a, chukua till. Anayelipa kwa till hatozwi ada ya kutuma, kwa hivyo 850 uliyoitaja kwenye video ndiyo 850 itakayomtoka. Hilo pia ni sehemu ya kusema bei.

Kuna mtindo mwingine ambao tungependa uishe leo hii. Muuzaji akitaka kuonyesha kwamba watu wananunua, anarekodi skrini ya simu yake: meseji za malipo zinashuka moja baada ya nyingine, na nyuma anaweka wimbo wa shangwe. Tazama vizuri unachoonyesha. Jina la mteja, kiasi alicholipa, pengine sehemu ya nambari yake, na mara nyingi salio lako mwenyewe. Umemwambia kila mwizi kutoka Chuka hadi Thika una pesa ngapi na laini gani ya kuishughulikia. Hata mizigo inayosubiri matatu: jina na nambari ya mteja vimeandikwa kwa kalamu nene juu ya karatasi, na kamera inapita juu yake taratibu. Funika kwa mkono.

Hili si suala la adabu tu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na ina meno. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za wanafunzi wadogo bila idhini ya wazazi, na sehemu moja ya burudani ikatozwa shilingi milioni 1.85 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Hao walikuwa Nairobi, lakini sheria haiishii Thika. Kwa hivyo mteja akiwa dukani, muulize kabla ya kurekodi, na jibu lake likiwa "la" lisikuudhi. Mtoto anayejaribu sweta, muulize mzazi. Au rekodi mikono na sweta, uso uache.

Na hapo tunafika kanisani, kwa sababu nusu ya maswali tunayopata kuhusu video kutoka Nyeri, Kerugoya na Embu hayatoki madukani. Yanatoka kwa wachungaji, wanakwaya na vijana wanaoshughulikia mitambo ya kanisa. Machi 2020 makanisa yalipofungwa kwa sababu ya korona, wengi walijifunza ibada ya laivu na sadaka ya paybill kwa wakati mmoja, na hawakurudi nyuma. Ni jambo jema. Bibi mwenye miguu mibovu kule Mukurwe-ini anasikiliza mahubiri akiwa jikoni, na mjukuu wake aliye Doha anatoa fungu la kumi.

Lakini mahubiri ni rahisi kuiba kuliko sweta. Mtu anakata sekunde thelathini za pasta wenu akiomba kwa machozi, anaweka nambari yake chini ya picha, anaandika "panda mbegu", na waumini wanatuma. Sauti ni ya pasta wao, uso ni wa pasta wao, kwa nini wasitume? Hapa tena, kinachomsaidia tapeli ni ukimya. Kanisa ambalo kila Jumapili, kila video, linataja paybill moja ileile kwa sauti, na jina la kanisa litakalotokea, waumini wake wanajua nambari ngeni wakiiona. Kanisa ambalo leo ni laini ya mweka hazina, kesho ya mama mchungaji, keshokutwa ya mwenyekiti wa ujenzi, limewazoeza waumini kutuma popote. Mchungaji, tunakuheshimu, lakini sadaka isipite kwenye laini yako. Si kwamba tunakushuku. Siku ambayo video yako itaibwa, utataka kila muumini awe na uhakika kwamba pesa za kanisa hazijawahi, hata mara moja, kuombwa kwa nambari ya mtu.

Paybill ina nafasi ya akaunti. Itumie: SADAKA, UJENZI, WAJANE. Na video ya harambee iseme mambo ambayo wazee wa kanisa huyasoma kwenye matangazo: tunajenga nini, kinahitaji ngapi, tumepata ngapi hadi jana, mabati yamenunuliwa au bado. Rekodi kuta zenyewe, hata kama hazijapanda. Tumeona video za ujenzi zenye machozi mengi na hazina hata tofali moja. Kwa harambee ya matibabu tunashauri zaidi: kama hospitali ina paybill yake, omba watu walipe bili moja kwa moja huko kwa nambari ya mgonjwa, familia na mgonjwa wakiwa wamekubali. Na usimrekodi mgonjwa asiye na fahamu. Hajakuruhusu.

Kuhusu lugha tulibishana sisi kwa sisi na hatukuelewana. Wengine wetu wanasema Kikuyu, kwa sababu mama wa Karatina hununua kwa anayeongea kama yeye. Wengine wanasema Kiswahili, kwa sababu Nanyuki peke yake ina Mkikuyu, Mmeru, Msamburu na Msomali kwenye barabara moja, wote wana simu. Tulichokubaliana ni kwamba bei na nambari ziandikwe pia kwenye skrini kwa tarakimu. 850 inasomeka kwa lugha zote.

Na kama video yako imeshaibwa? Usifute ya kwako kwa hasira, maana hapo itabaki ya mwizi peke yake. Ripoti ile akaunti ndani ya mtandao wenyewe, uwaombe wateja kumi nao waripoti. Rekodi video mpya siku hiyohiyo, ukiwa umesimama dukani, useme kilichotokea na urudie nambari na jina la till. Kwenye posti yako, komenti ya kwanza iwe yako, uibandike juu, iseme: tunalipwa hapa tu. Kisha saa ya kwanza baada ya kuweka video usiende mbali na simu. Matapeli wa komenti hufanya kazi saa hiyo, kabla hujaamka. Kama huna saa moja leo, weka kesho.

Mteja naye akishatuma asingoje kuona aibu iishe. Kwa M-Pesa, meseji ya muamala huitumwa kwa 456 kuomba pesa zirudishwe, na dakika ni muhimu, kwa sababu pesa zikishatolewa kwa wakala hazina pa kurudishwa kutoka. Halafu polisi, uandikishe OB. Mwenzetu alingoja siku mbili akiamini matatu imechelewa. Alipotuma kwa 456, akaunti ya yule mtu ilikuwa tupu.

Wiki iliyofuata alipanda matatu hadi Karatina kumtafuta mwenye video. Alimpata kwa kuuliza uliza, kwa sababu, kama tulivyosema, video haikutaja mahali. Yule mama hakuwa amejua lolote. Alipoelewa alikaa chini kwenye kigoda, akanyamaza, kisha akauliza ni watu wangapi. Walihesabu komenti pamoja. Watu tisa walikuwa wameandika kwamba wametuma.

Hakuwa na deni kwa hata mmoja wao, na hakuwa na uwezo wa kuwalipa. Alichofanya ni kuwajibu wote tisa usiku ule, mmoja mmoja, kwa jina lake na picha ya kibanda chake. Kesho yake asubuhi akapangusa kioo cha simu, akasimama mlangoni, akashika kibao cha till. Video ile haina wimbo. Kuna mahali jirani anamkatiza kumwomba chenji, na hakukata kipande hicho. Bei ameitaja mara tatu.

Mwenzetu alinunua sweta zake papo hapo, kwa 2,550 nyingine. Akasubiri jina litokee, akalisoma kwa sauti, mama akaitikia, ndipo akathibitisha. Sweta moja ina mikono mirefu kidogo, lakini watoto hukua.